Mbuzi Mdogo wa Pwani na Mnyoo Anyonyaye Damu

Ilikuwa wiki tatu kabla ya Idi ya kuchinja. Jirani yetu, mama mjane mwenye watoto wanne, alitoka alfajiri kwenda kufungua banda akamkuta beberu wake mkubwa amelala ubavu, shingo imenyooka, hana uhai. Familia moja ya mjini ilikuwa imekwisha kumtolea rubuni beberu yule kwa ajili ya udhhiya, na fedha zilizosalia zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi: karo ya binti wa tatu na deni la duka. Tulipofika kumpa pole tulimkuta ameketi kizingitini, leso ameitanda mabegani, akirudia neno moja tu: jana jioni alikula.

Na kweli alikula. Hakuwa amehara wala kukohoa, na hapakuwa na jeraha mwilini mwake. Alikuwa mzito wa kutembea kwa siku chache, akibaki nyuma ya wenzake, na mama alidhani ni joto. Afisa wa mifugo, kijana mpole, aliitwa aje atazame. Akampasua mzoga chini ya mwembe, akalitenga tumbo la nne, lile ambalo kwa mbuzi ndilo lifanyalo kazi ya tumbo letu sisi binadamu, akalichana na kumimina yaliyomo ndani ya beseni la maji. Mwanzoni hatukuona ila uchafu. Macho yalipozoea tukaona nyuzi, nyembamba kama uzi wa kushonea kofia, urefu wa sentimita mbili au tatu, mamia kwa mamia, na nyingine zikijinyonganyonga.

"Lakini mwanangu," jirani yetu akasema, "dawa ya minyoo nimempa kwa mkono wangu, mwezi jana tu."

"Naam, mama," kijana akajibu. "Minyoo hawa dawa hiyo wameshaizoea."

Maneno hayo hayakututoka. Katika nyumba nyingi za Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River, mbuzi ni mali ya mama. Ndiye benki yake, ndiye akika ya mjukuu, ndiye maziwa ya mtoto aliyeachishwa ziwa. Tukaenda kuuliza na kusoma juu ya mnyoo huyu, na tuliyoyapata tunawaletea.

Wataalamu humwita kwa jina la Kilatini Haemonchus contortus. Yumo katika jamaa kubwa ya minyoo ya mviringo, ambayo ina watu wake kwa karibu kila mnyama: ng'ombe, ngamia, punda, swala, tembo, na sisi wenyewe pia. Wengi wao hula chakula kilichomo tumboni, au hukaa kimya ukutani mwa utumbo. Huyu hula damu. Ana kijino kama sindano mdomoni mwake, hutoboa ngozi laini ya tumbo na kunyonya, kisha huhama na kutoboa penginepo, na tundu la kwanza huendelea kuvuja. Jike lake hutambulikana kwa rangi. Utumbo wake uliojaa damu huonekana mwekundu, na mifuko yake ya mayai, ambayo ni myeupe, imeuzunguka utumbo huo, hata akawa kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili.

Mnyoo mmoja hupoteza damu ndogo sana ya mbuzi kwa siku, kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya mililita. Lakini hawaji mmoja mmoja. Mnyama mwenye minyoo 5,000, na hiyo si idadi ya ajabu baada ya mvua, hupoteza karibu robo lita ya damu kila siku. Mbuzi wa kilo 25 hana damu inayofika lita mbili mwilini mwake. Msomaji aliyewahi kupanga matumizi ya nyumba kwa mshahara usiotosha atajua hesabu hiyo inaishia wapi.

Hapa ndipo penye kosa la kwanza tulilokuwa nalo sote. Tumezoea kwamba mnyama mwenye minyoo huhara, na mkia wake huchafuka. Minyoo wengine hufanya hivyo. Huyu hafanyi. Mbuzi anaweza kuwa na kinyesi kikavu chenye umbo lake la kawaida, anakula, manyoya yake hayana neno, huku damu yake inageuka maji. Baadaye hutokea uvimbe laini chini ya taya, kama mfuko wa maji, unaoonekana zaidi jioni baada ya mnyama kushinda ameinamisha kichwa malishoni. Wako wanaodhani ameumwa na nyuki. Uvimbe huo ni dalili kwamba damu imepungukiwa na protini kiasi cha kushindwa kuyashika maji yake. Afikapo hapo, mbuzi hana siku nyingi.

Na hao minyoo hutoka wapi? Jike mmoja hutaga mayai baina ya 5,000 na 10,000 kwa siku, nayo hutoka pamoja na kinyesi. Yakipata joto na unyevu, na sisi wa Pwani tuna vyote viwili tele wakati wa masika na wa vuli, mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili. Mtoto wa mnyoo, ambaye wataalamu humwita lava, hukua ndani ya kinyesi, na kwa muda wa wiki moja hivi huwa tayari kuingia katika mnyama mwingine. Wakati wa umande hupanda majani akiogelea ndani ya utando mwembamba wa maji, akangoja aliwe. Wengi hawapandi juu sana. Hubakia katika sehemu ya chini ya majani, upana wa kiganja kutoka ardhini. Akishamezwa, huchukua wiki tatu hivi kuwa mkubwa na kuanza kutaga. Jua kali na ukavu humuua akiwa malishoni, lakini ana hila yake: kiangazi kinapoingia, lava waliomo tumboni mwa mbuzi wanaweza kusimamisha ukuaji wao, wakalala, kisha wakaamka mvua inapokaribia. Ndiyo maana mama anaweza kupita miezi mikavu bila tatizo lolote, na mvua zikaja na maafa ya ghafla.

Mbuzi kwa asili yake si mnyama wa nyasi. Ni mnyama wa vichaka; husimama kwa miguu miwili akafikia majani ya mkwaju na ya mgunga, na huko juu lava hafiki. Sisi ndio tuliomfunga kamba katika kiwanja kimoja, akala nyasi mpaka mzizi, mahali pale pale anapokunya. Mbuzi wa vichochoro vya Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, wale wanaokula maganda ya ndizi na makaratasi, pengine wana minyoo wachache kuliko wa shamba kwa sababu hawaoni nyasi. Msiba wao ni mifuko ya plastiki, na hiyo ni habari nyingine.

Twarudi kwa yule kijana. Baada ya kuosha mikono, aliwaendea mbuzi watano waliobaki. Alimshika kila mmoja kichwa, akaushusha ukope wa chini kwa kidole gumba na kutazama rangi ya ngozi ya ndani. Akina mama waliokuwapo walicheka, kwa maana wote wamewahi kufanyiwa hivyo. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito hufanya vivyo hivyo anapotafuta upungufu wa damu. Kwa mbuzi na kondoo njia hii imewekewa kipimo rasmi huko Afrika Kusini. Huitwa FAMACHA, jina lililotokana na la daktari wa mifugo Faffa Malan. Ni kadi yenye picha za jicho katika rangi tano. Namba 1 ni nyekundu kama nyama mbichi. Namba 2 ni nyekundu iliyofifia. Namba 3 ni ya waridi. Namba 4 ni ya waridi iliyopauka. Namba 5 ni nyeupe kama karatasi. Wa 4 na wa 5 hupewa dawa bila kungoja, na kwa mbuzi inafaa kumpa wa 3 pia, hasa akiwa mchanga, au mwenye mimba, au anayenyonyesha. Wa 1 na wa 2 huachwa.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na ni haki tuuseme. Weupe wa jicho hueleza kwamba damu imepungua, hauelezi aliyeipunguza. Kupe wengi huweza kufanya hivyo, na mbung'o pia, ambao katika sehemu za Kwale zilizo karibu na msitu wa Shimba Hills bado wapo na hueneza nagana. Lakini mvua ikiwa imenyesha, na mbuzi wamelishwa nyasi fupi, mshukiwa wa kwanza ni huyu mnyonya damu.

Jambo lililotushangaza ni agizo la kuwaacha wenye macho mekundu bila dawa. Jirani yetu alilipinga palepale. Yeye alikuwa akiwapa wote, kila baada ya miezi mitatu, na akijivunia kwamba hapitishi zamu. Kijana akamweleza kwa adabu kwamba huko ndiko ilikotoka hasara yake.

Dawa inapopita tumboni huwaua minyoo dhaifu na kuwaacha wachache ambao kwa maumbile yao wanaistahimili. Hao waliosalia ndio watakaotaga mayai. Ukiwapa mbuzi wote dawa, kila yai linalodondoka malishoni wiki zinazofuata ni yai la mnyoo mstahimilivu. Ukiirudia mara kwa mara, miaka michache baadaye unanunua maji ya rangi kwa bei ya dawa. Lakini ukiwaacha wale wenye afya bila dawa, minyoo wachache waliomo ndani yao, ambao bado wanakufa kwa dawa, huendelea kutaga, na wanapochanganyika na wale wastahimilivu hukifanya kizazi kisiwe kigumu chote. Tena minyoo hawagawanyiki sawasawa katika kundi. Kwa kawaida kiasi cha robo ya wanyama hubeba sehemu kubwa ya minyoo wote. Ukiwatambua hao na kuwatibu umefanya sehemu kubwa ya kazi kwa robo ya gharama.

Wala hili si jambo lililosikika mbali likaja kwetu kama uvumi. Thiabendazole, ya kwanza katika jamaa ya dawa ambayo albendazole imo ndani yake, iliingia sokoni mwaka 1961, na miaka michache tu baadaye minyoo wa kondoo walioistahimili walikuwa wamekwisha kuonekana. Ivermectin, iliyotokana na kijidudu cha udongo kilichopatikana Japani na Satoshi Ōmura, ambaye yeye na William Campbell walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015 kwa kazi hiyo, nayo imekwisha kupata wastahimilivu wake katika mabara mengi. Na hapa hapa Pwani ya Kenya, mwaka 1995, watafiti walichapisha ushahidi wa minyoo wa mbuzi na kondoo wasiouawa na zaidi ya jamaa moja ya dawa. Hiyo ni miaka thelathini iliyopita. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo wana watoto wao.

Ziko namna nyingine za kuharibu dawa ambazo sisi wa nyumbani huzifanya bila kujua. Moja ni kukisia uzito kwa macho. Mbuzi wa kilo 30 akipewa kipimo cha kilo 20 ili chupa ifike mwisho wa mwezi, minyoo hupata mazoezi badala ya mauti. Nyingine ni kumpa mbuzi kipimo cha kondoo. Mwili wa mbuzi huvunja na kuondoa dawa nyingi haraka kuliko wa kondoo, kwa hiyo mara nyingi huhitaji zaidi; lakini levamisole huwa sumu ikizidishwa, kwa hiyo msikisie, muulizeni daktari wa mifugo. Ya tatu ni kubadili jina la chupa tukidhani tumebadili dawa. Dukani mna chupa kumi za rangi kumi, na nane kati yake zaweza kuwa albendazole tupu. Kisomwe kilichoandikwa kwa herufi ndogo, si picha ya ng'ombe aliyenona. Mama mwenye mbuzi wa mimba changa na akiepuke albendazole katika mwezi wa kwanza, kwani yaweza kumdhuru kijusi.

Sasa tulifikie lile lililotufurahisha kuliko yote.

Katika wale mbuzi watano waliopimwa macho, wanne walikuwa wakubwa, warefu, wenye masikio ya kuning'inia, mbegu zilizonunuliwa kwa bei na kwa fahari. Wawili kati yao walikuwa namba 4, na wawili namba 3. Wa tano alikuwa mbuzi jike mdogo, mwenye miguu mifupi na rangi ya kahawia yenye mabaka, ambaye jirani yetu alirithi ukoo wake kutoka kwa mamake. Jicho lake lilikuwa jekundu kama ua la mkungumanga wa bustanini, kama alivyosema bibi mmoja aliyekuwapo, ingawa hatuna hakika bibi alikusudia ua gani. Malisho yalikuwa yale yale na banda lile lile. "Huyu nilitaka kumuuza," mama akasema, "maana hakui."

Tangu mwaka 1991, kwa miaka kadhaa, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ambayo leo huitwa ILRI na makao yake yako Nairobi, walifuga kondoo na mbuzi katika shamba moja huko Diani, kusini mwa Mombasa. Walipachagua kwa sababu ya unyevu wake na minyoo wake. Waliwaweka kondoo wekundu wa Kimaasai pamoja na Dorper, kondoo mkubwa aliyetengenezwa Afrika Kusini na kupendwa na wengi kwa nyama yake. Kadhalika waliwaweka mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki, hao wetu wa kila siku, pamoja na mbuzi wa Galla, mweupe na mkubwa, mwenye asili ya nyanda kavu za kaskazini. Wakahesabu mayai ya minyoo katika vinyesi, wakapima damu, wakaandika vifo na uzazi.

Matokeo hayakuwa na utata. Kondoo wekundu wa Kimaasai walikuwa na mayai machache zaidi, damu yao ilisimama vizuri zaidi, na wana wao walikufa kwa uchache kuliko wa Dorper. Mbuzi wadogo nao waliwashinda Galla. Mmoja mmoja walikuwa wepesi kwa mizani, lakini kundi likihesabiwa zima, waliozaliwa, waliopona na waliofika sokoni, ukanda huu wa unyevu uliwapa faida zaidi wafugaji wa wale wadogo. Katika nyanda kavu, ambako minyoo si wengi, tofauti hiyo hupungua sana, na hakuna sababu ya kumdharau Galla nyumbani kwake. Lakini kumleta Pwani, akafungwa kamba kwenye nyasi zenye umande, ni kumtia vitani bila ngao.

Uwezo huo wa mbuzi mdogo umo katika damu yake, naye huurithisha. Karne kwa karne, kabla ya kuwapo duka la dawa, waliokufa kwa minyoo hawakuzaa, na waliopona ndio waliotuletea hawa. Basi mama anayechagua beberu asitazame ukubwa pekee. Atazame pia ni nani ambaye jicho lake halikuhitaji dawa msimu mzima, na mamake ni nani.

Hivi ndivyo walivyo wanyama wa mwituni pia. Swala na jamaa zake hubeba minyoo wa ukoo huu huu, na mahali ambapo mifugo na wanyama wa pori hunywa maji pamoja na kulisha pamoja, kama pembezoni mwa Tsavo na kando ya Mto Tana, minyoo hawaulizi nani ana mwenyewe na nani hana. Hata hivyo ni nadra kumkuta swala amelala amekufa kama beberu wa jirani yetu. Swala hutembea, leo yuko hapa, mwezi ujao lava wa kinyesi chake wamekauka kwa jua, naye hayuko. Anapozuiliwa na ua, au kiangazi kikali kikamkusanya na wenzake kwenye kisima kimoja, naye huugua.

Nyati wa Afrika Kusini wametufundisha jambo la kutisha kidogo. Vanessa Ezenwa na Anna Jolles waliwafuatilia nyati wa hifadhi ya Kruger kwa miaka kadhaa. Baadhi walipewa dawa ya minyoo inayofanya kazi kwa muda mrefu tumboni, na wengine hawakupewa. Katika hifadhi hiyo kuna kifua kikuu cha ng'ombe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba dawa ya minyoo haikuwazuia nyati kuambukizwa kifua kikuu, ila waliotibiwa walinusurika nacho zaidi sana, yaani vifo vyao vilipungua mara tisa hivi. Kinga ya mwili haikuwa tena imevutwa upande wa minyoo, ikapata nguvu ya kupigana na ugonjwa mwingine. Lakini kwa kuwa nyati hao waliishi muda mrefu wakiwa na kifua kikuu, walipata nafasi kubwa zaidi ya kuwaambukiza wenzao. Kilichomfaa mmoja kikawa hatari kwa kundi. Wafugaji wenye hekima huenda hawatashangaa, lakini sisi tulilisoma mara mbili.

Na wako wanyama wanaojitafutia dawa. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale iliyo kando ya Ziwa Tanganyika nchini Tanzania, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde, Mtanzania mjuzi wa miti ya kwao, walimfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Sokwe huyo alikuwa mnyonge, hana hamu ya kula wala ya kucheza na mwanawe. Wakamwona akiuendea mti mchungu wa jamaa ya mtukutu, akavunja matawi machanga, akayamenya gamba na majani, akatafuna kiini na kunyonya maji yake. Kalunde aliutambua mara moja: kwao ni dawa ya tumbo na ya homa. Kesho yake Chausiku alikuwa mzima, anatembea kwa kasi. Tafiti zilizofuata ziliihusisha tabia hiyo na minyoo ya mviringo inayofanya vivimbe katika utumbo wa sokwe, ambayo huzidi wakati wa mvua.

Tunajua baadhi yenu mmekwisha kuinuka kwenda kuvunja matawi. Tulieni kwanza. Sokwe yule alitupa gamba na majani, ambayo yana sumu zaidi, akatwaa kiini tu na kwa kiasi anachokijua yeye. Mwarobaini nao husifiwa kwa kila ugonjwa Pwani nzima, nasi twauheshimu, ila hatujauona ushahidi wa kutosha wa kuuweka mahali pa dawa kwa mbuzi ambaye jicho lake limekwisha kuwa jeupe. Huyo hana muda wa kujaribiwa.

Yale yanayofaa kufanywa kila siku ni mepesi. Mbuzi wasitolewe kabla umande haujakauka. Walishwe vichakani kuliko kwenye nyasi zilizokatwa chini, na anayewakatia majani ya kuwalisha bandani ayakate juu ya kiganja kutoka ardhini. Kinyesi cha bandani kirundikwe kioze vizuri na kupata moto wake kabla ya kutiwa shambani. Mbuzi jike aliyekaribia kuzaa atazamwe jicho zaidi kuliko wote, kwa maana kinga yake hushuka wakati huo, minyoo wake wakataga kwa wingi, na mwanawe anapoanza kuonja nyasi huzikuta zimekwisha kuchafuliwa na mamake mwenyewe. Wakati wa mvua, macho yapimwe kila wiki mbili.

Kwa upande wa Idi, masuala mawili. Kila mtu anajua kwamba mnyama wa udhhiya hafai akiwa na ugonjwa ulio dhahiri, au amekonda mpaka mifupa haina uboho. Wanunuzi wengi humkagua meno na miguu, wakasahau jicho, na mbuzi mwenye minyoo wengi aweza kupita mnadani akiwa na tumbo lililojaa na mwili ulioshiba maji. Kumshusha ukope hakuchukui dakika, na muuzaji mkweli hatakasirika. Hukumu ya mnyama aliyenunuliwa kisha ikagundulika kwamba ni mgonjwa tunawaachia masheikh wetu. La pili ni dawa yenyewe. Wako wauzaji wanaowanywesha mbuzi dawa siku mbili kabla ya soko ili wachangamke. Kila chupa huandikwa siku za kungoja kabla ya nyama kuliwa na kabla ya maziwa kunywewa, na siku hizo hutofautiana baina ya dawa na dawa. Muulizeni muuzaji lini alimpa dawa, na ipi. Na mama anayekamua mbuzi kwa ajili ya mtoto azihesabu siku hizo kwa vidole. Ama nyama ya mbuzi aliyekuwa na mnyoo huyu haimwambukizi mlaji. Makao ya mnyoo ni tumboni mwa mnyama, na watoto wetu wanaopewa albendazole shuleni wanatibiwa minyoo wa aina nyingine kabisa.

Jirani yetu aliirudisha rubuni. Familia ile ya mjini ilikataa kuipokea yote, Mwenyezi Mungu awalipe, na karo ilifika nusu kwa msaada wa chama cha akina mama. Nusu nyingine bado inadaiwa. Mbuzi wawili wa namba 4 walipewa dawa ya jamaa nyingine, kwa uzito uliopimwa kwa mizani, na mmoja alipona. Yule mdogo wa mabaka hakuuzwa. Amezaa mapacha, mmoja dume, na dume hilo limekatazwa kuhasiwa. Kila Ijumaa ya pili, watu wakirudi kutoka msikitini, binti wa tatu huketi mlangoni mwa banda na daftari lake la hesabu, akashusha ukope wa kila mbuzi na kuandika namba mbele ya jina lake.